Mke yuko Texas, mume Minnesota: Kodi italipwa wapi?

HUENDA nawe, msomaji, una dada au kaka huko Marekani ambaye kila Jumapili jioni hupiga simu kuwajulia hali wazee. Mnasalimiana, mnaulizana habari za mvua na bei ya unga, kisha yeye anashusha pumzi na kukuambia kwamba mwezi huu hataweza kutuma chochote kwa sababu ya "mambo ya kodi". Wewe uliye Umoja au Likoni unanyamaza. Moyoni unajiuliza: kodi gani hiyo isiyokwisha, na mbona mtu aliyekatwa mshahara mwezi baada ya mwezi adaiwe tena?

Mara nyingine jawabu ni kwamba nyumba yake imegawanyika. Mmoja kati ya mume na mke amekwenda kufanya kazi katika jimbo jingine kwa muda, na mwenzake amebaki na watoto. Serikali za majimbo mawili sasa zinaitazama familia moja, na swali linaloulizwa si "pesa hizi zilipatikana wapi?" pekee. Swali kubwa zaidi ni "kwenu ni wapi?"

Sisi hapa Kenya tatizo hili hatulijui. Mwalimu akihamishwa kutoka Machakos hadi Lamu, akamwacha mumewe na watoto Machakos, kodi yake ya mapato huendelea kwenda mahali pamoja, kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 209, iliipa serikali ya kitaifa peke yake uwezo wa kutoza kodi ya mapato. Kaunti ziliachiwa kodi za ardhi na majumba, kodi ya burudani na ada za huduma. Hakuna gavana atakayemwandikia mwalimu huyo barua kumuuliza alilala siku ngapi katika kaunti yake.

Marekani mambo ni mengine. Juu ya kodi ya serikali kuu, ambayo hukusanywa na idara iitwayo IRS, majimbo mengi yana kodi yake ya mapato, viwango vyake na fomu zake. Minnesota, ambako Wakenya wengi wamejenga maisha, hutoza kuanzia asilimia 5.35 hadi asilimia 9.85 kulingana na pato. Lakini yako majimbo tisa ambayo hayatozi kodi mshahara wa kawaida: Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington na Wyoming. Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Mtu akisikia kwamba Texas hakuna kodi ya mshahara, na kandarasi ya Texas iko mezani, anadhani amekwisha kuokoka.

Tuchukue mfano ili tuelewane. Hawa si watu wa kweli, lakini hutakosa kuwafahamu. Tuwaite Mama Watoto na Baba Watoto. Wanaishi Brooklyn Park, karibu na mji wa Minneapolis, katika nyumba waliyonunua kwa mkopo wa benki. Mama ni muuguzi. Baba hufanya kazi katika ghala la bidhaa, zamu ya usiku. Watoto watatu wako shuleni. Mama anapata kandarasi ya wiki 13 katika hospitali moja ya Houston, na malipo yake ni mazuri kuliko ya nyumbani. Anakwenda. Kandarasi inaongezwa mara moja, mara mbili, mara tatu. Mwaka unapita. Anakodi chumba, ananunua gari kuukuu, anachukua leseni ya udereva ya Texas. Kila baada ya wiki sita hivi hupanda ndege kurudi kuwaona watoto.

Mwajiri wa Texas hakati hata senti moja ya kodi ya Minnesota. Ikifika Aprili, wakati wa kupeleka fomu, Mama Watoto anamwambia mumewe kwa simu, "Baba Watoto, mimi niandike ni mtu wa Texas. Wewe andika Minnesota."

Je, anaweza?

Neno lenyewe ni maskani

Sheria za majimbo hayo zina maneno mawili ambayo ni lazima uyatenganishe. La kwanza ni mahali unapokaa. La pili ni maskani, yaani nyumbani kwako hasa, pale unapokusudia kurudi kila safari inapokwisha. Mtu anaweza kukaa mahali pawili au patatu kwa mwaka mmoja, lakini maskani huwa nayo moja tu kwa wakati mmoja. Tena maskani haimwachi mtu kwa urahisi. Huendelea kuwa ile ya zamani mpaka siku atakapopata mpya, kwa mwili na kwa nia: awe amefika huko, na awe amekusudia kubaki huko bila kikomo. Kuondoka peke yake hakutoshi.

Kwa hiyo aliyeondoka kwa muda, hata muda huo ukiwa mrefu, bado ni mkazi wa kule alikotoka machoni mwa watoza kodi. Na mkazi hutozwa na jimbo lake juu ya mapato yake yote, popote alipoyapata.

Sasa mweke Mama Watoto kwenye mizani. Upande wa Texas ana chumba cha kukodi, gari, leseni na kandarasi ambayo kila mara ina tarehe ya kumalizika. Upande wa Minnesota ana mume, watoto watatu, nyumba, daktari wa familia, kanisa, vyombo vyake vyote vya jikoni na sanduku la nguo za baridi. Mizani hiyo haihitaji mwanasheria kuisoma.

Minnesota ina kanuni inayoelekea huko huko. Maskani ya mume au mke huchukuliwa kuwa sawa na ya mwenzake, isipokuwa pawepo ushahidi wa kuonyesha kinyume, au wawe wametengana kisheria au ndoa imevunjwa. Mwenye kudai kwamba maskani yao ni mbili ndiye wa kuleta ushahidi. Angalia vizuri, msomaji: kanuni haisemi kwamba mke humfuata mume. Zamani, katika sheria ya Kiingereza ambayo Marekani ilirithi, ndivyo ilivyokuwa. Mwanamke aliyeolewa hakuwa na maskani yake mwenyewe ila ya mumewe, kama vile mzigo hufuata mkokoteni. Uingereza yenyewe iliiondoa sheria hiyo mwaka 1973. Siku hizi kila mmoja anaweza kuwa na maskani yake. Lakini ndoa ikiwa nzima, na watoto wakiwa upande mmoja, mtu aliye mbali ana kazi kubwa ya kumwonyesha afisa wa kodi kwamba nia yake imehama pamoja na mwili.

Wengine husema, "Lakini nina leseni ya Texas!" Leseni ni karatasi. Husaidia, lakini haiamui kesi. Maafisa huangalia mambo mengi kwa pamoja: familia iko wapi, watoto wanasoma wapi, nyumba ni ya nani, kazi ni ya muda au ya kudumu, barua huenda wapi, gari limesajiliwa wapi, siku ngapi zilitumika hapa na ngapi kule. Raia huulizwa pia amejiandikisha kupiga kura wapi.

New York ilikuwa na kesi moja ambayo wahasibu hupenda kuisimulia. Gregory Blatt, mkuu wa kampuni, alihamia Dallas kikazi, lakini akabaki na nyumba yake ya New York. Jimbo lilisema bado ni wake. Mwaka 2017 jaji wa mambo ya kodi alimwamulia yeye, na katika mambo yaliyotiliwa maanani lilikuwemo hili: alimhamisha mbwa wake akampeleka Dallas. Naam, mbwa. Hoja ilikuwa kwamba mtu huenda na kile akipendacho anapohama kweli. Basi kama mbwa ana uzito huo, wewe fikiria watoto watatu walioachwa Brooklyn Park wana uzito gani.

Siku 183

Kuna mlango wa pili ambao mtu huingizwa bila kujua. Tuseme Mama Watoto amefaulu kuonyesha kwamba maskani yake kweli ni Texas. Bado Minnesota inaweza kumhesabu mkazi ikiwa amekuwa humo siku 183 au zaidi kwa mwaka, na yeye au mwenzi wake ana makao humo. Soma tena maneno hayo: yeye au mwenzi wake. Nyumba ya mume inahesabiwa. Na sehemu ya siku ni siku nzima. Ukitua uwanja wa ndege Ijumaa saa tano usiku, Ijumaa hiyo imeandikwa.

New York nayo ina kipimo kama hicho: nyumba ya kudumu ndani ya jimbo, pamoja na zaidi ya siku 183 humo. Mwenye maskani nje ya jimbo akitimiza yote mawili hutozwa kama mkazi. Ndiyo sababu watu wenye akili huweka kalenda, si ya kubuni siku ya ukaguzi bali ya kila wiki, pamoja na tikiti za ndege na risiti za mafuta ya gari.

Hesabu ya pesa

Sasa turudi kwenye lile jambo la Aprili. Wengi hufikiri kwamba pesa zikipatikana mahali pasipo na kodi basi hazina kodi. Sivyo. Kama Mama Watoto angepata kandarasi yake katika jimbo linalotoza, angelilipa jimbo hilo kama mgeni juu ya pesa alizozipata huko, kisha Minnesota ingempunguzia kodi yake kwa ajili ya ile aliyokwisha kulipa. Utaratibu huo wa kupunguziwa ndio unaozuia pesa zile zile kutozwa mara mbili. Lakini Texas haikumtoza kitu, kwa hiyo hakuna cha kupunguziwa. Kodi yote ni ya Minnesota.

Tuchukue hata kiwango cha chini kabisa, asilimia 5.35. Kila dola 10,000 zinazotozwa huzaa kodi ya dola 535, yaani karibu Sh70,000 kwa bei ya dola ya mwaka 2025 ya karibu shilingi 130. Kama zinazotozwa ni dola 60,000, deni limepita dola 3,200, na kwa kuwa mshahara wa mumewe huongezwa juu, sehemu ya pesa hizo itaingia katika kiwango cha juu zaidi. Hiyo ni karo ya mdogo wake aliye chuo kikuu hapa Nairobi, na chenji inabaki. Ikiwa hakulipa, na barua ikaja baada ya miaka miwili, itakuja na riba na faini. Tena kuna jambo ambalo watu hawaambiwi: jimbo lina muda maalum wa kukagua fomu iliyopelekwa, lakini fomu isipopelekwa kabisa, muda huo hauanzi kuhesabiwa.

Dawa yake si ngumu, mradi ijulikane mapema. Mwajiri wa Texas asipokata, familia inaweza kulipa kwa awamu nne za mwaka, au Baba Watoto aombe akatwe zaidi katika mshahara wake wa ghalani. Minnesota hutaka malipo hayo ya awamu kwa mtu anayetarajia kudaiwa dola 500 au zaidi baada ya makato.

Swala la kupunguziwa kodi limewahi kufika mbali. Brian na Karen Wynne, mume na mke wa Maryland, walikuwa na pato kutoka kampuni iliyofanya biashara katika majimbo mengi. Maryland iliwapunguzia kodi ya jimbo, lakini ikakataa kupunguza ile sehemu ya kodi inayokwenda kwa kaunti. Walikwenda mahakamani. Mwezi Mei 2015, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa majaji 5 dhidi ya 4 kwamba utaratibu huo ulivunja katiba. Tangu hapo majimbo yamekuwa mwangalifu. Lakini hata uamuzi huo haumsaidii aliyefanya kazi mahali pasipo na kodi.

Mnaweza kujaza fomu mbali mbali?

Hapa pana mtego mwingine. Mume na mke wengi hujaza fomu moja ya pamoja kwa IRS kwa sababu aghalabu huwa nafuu. Minnesota inasema: mkijaza pamoja kule, jazeni pamoja na hapa pia, hata kama mmoja wenu si mkazi. Pato la yule asiye mkazi hutenganishwa kwa karatasi ya nyongeza iitwayo M1NR. New York ina taratibu zake, na huruhusu wenzi walio na hali tofauti za ukazi kujaza fomu za jimbo kila mmoja yake. Basi usimsikilize jirani wa jimbo jingine. Anasema kweli, lakini ni kweli ya kwao.

Tena asije mtu akachanganya maskani na lile neno ambalo wauguzi wa kandarasi hulisikia kwa mawakala wao, yaani "nyumbani kwa kodi" kwa ajili ya posho za nyumba na chakula. Hilo ni jambo la IRS. Huko, kazi inayotarajiwa kuzidi mwaka mmoja mahali pamoja haihesabiwi kuwa ya muda, na posho zake huanza kutozwa. Maskani ya jimbo haina kipimo cha mwaka mmoja. Mtu anaweza kupoteza msamaha wa posho kwa IRS na bado akawa mkazi kamili wa Minnesota. Hasara mbili siku moja.

Na leseni ya uuguzi nayo ina mdomo. Texas imo katika mkataba wa majimbo unaomwezesha muuguzi kufanya kazi katika majimbo mengi kwa leseni moja. Ili kuipata, muuguzi hutaja jimbo moja kuwa ndilo la makao yake makuu. Ukiiambia bodi ya uuguzi kwamba kwenu ni Texas, kisha ukawaambia wa kodi kwamba kwenu ni Minnesota, au kinyume chake, una karatasi mbili zenye sahihi yako zinazogombana. Siku zikikutanishwa, hutazisuluhisha kwa maneno matamu.

California na nusu ya mshahara

Walio na ndugu Los Angeles wana hadithi yao. California ni kati ya majimbo tisa ambayo, kwa kawaida, huhesabu kinachochumwa ndani ya ndoa kuwa mali ya wote wawili nusu kwa nusu. Mengine ni Arizona, Idaho, Louisiana, Nevada, New Mexico, Texas, Washington na Wisconsin. Matokeo yake ni ya kushangaza. Tuseme mume amehamia Texas moja kwa moja, kwa nia ya kubaki, naye mke amebaki Los Angeles akiwa mkazi wa huko. Mshahara wa mume wa Texas, kwa sheria ya Texas yenyewe, ni wa wote wawili. Nusu yake ni ya mke. Mke ni mkazi wa California. Kwa hiyo California humtoza mke juu ya nusu ya mshahara ambao hajauona na pengine hajui kiasi chake.

Mimi naona sheria hiyo ina mantiki yake, hata kama inauma. Siku ya talaka mke huyo angeidai nusu yake bila kusita; basi siku ya kodi haiwezi kuwa ya mume peke yake.

Upande mwingine, California ina mlango wa kutokea ulioandikwa wazi. Mwenye maskani humo akienda nje kwa kandarasi ya kazi kwa siku zisizopungua 546 mfululizo, huhesabiwa si mkazi kwa muda huo, mradi safari zake za kurudi zisizidi jumla ya siku 45 kwa mwaka. Mwenzi aliyefuatana naye hunufaika vile vile. Aliyebaki nyumbani hanufaiki. Wenye mapato ya uwekezaji ya zaidi ya dola 200,000, au waliosafiri hasa kwa kukimbia kodi, mlango huo umefungwa kwao.

Wanajeshi wana sheria yao

Wako vijana wetu waliojiunga na jeshi la Marekani, na wake au waume zao huhamishwa nao kila miaka michache. Kwa hao, bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2009 iliyomruhusu mwenzi wa mwanajeshi kubaki na maskani yake ya awali anapomfuata mwenzake kituoni. Mwaka 2018 akaruhusiwa kuchagua maskani ya mwanajeshi. Marekebisho yaliyotiwa sahihi Januari 2023 yakapanua uchaguzi zaidi: mume na mke wanaweza kuchagua maskani ya mwanajeshi, ya mwenzi wake, au kituo cha kudumu alikopangiwa mwanajeshi. Huu ni ukarimu ambao muuguzi wa kandarasi hana.

Akirudi nyumbani Kenya je?

Hili ndilo linalotugusa sisi tuliobaki. Mara nyingi anayeondoka kwa muda haendi Texas. Anarudi Kenya kumwuguza mama, kusimamia ujenzi au kufundisha chuoni kwa mwaka mmoja au miwili, na mwenzake anabaki kule na watoto. Akiwa raia wa Marekani au mwenye kadi ya kijani, IRS bado humtaka aeleze mapato yake ya dunia nzima. Na jimbo?

New York ina kanuni ya siku 548. Mwenye maskani humo anaweza kutohesabiwa mkazi ikiwa katika muda wa siku 548 mfululizo amekuwa nchi za nje angalau siku 450. Lakini yeye, mwenzi wake na watoto wao wadogo wasiwe wamekaa katika nyumba yao ya New York zaidi ya siku 90 katika muda huo. Mke akibaki nyumbani na watoto, kanuni imekufa, hata mume angekaa Eldoret miaka miwili bila kupanda ndege. Minnesota nayo humsamehe anayetimiza masharti ya IRS ya kuishi na kufanya kazi ng'ambo, ila nyumba yake isiendelee kuandikishwa katika kaunti kama makao ya familia yanayopunguziwa kodi ya nyumba. Tena kaunti ijulishwe katika muda wa miezi mitatu ya kuondoka. Familia iliyobaki ndani ya nyumba hiyo, na ikataka punguzo hilo, imemfanya aliyeondoka kuwa mkazi.

Naye akitua Jomo Kenyatta, asidhani Kenya imemsahau. Kwa sheria yetu, mwenye nyumba ya kudumu hapa akiwa nchini kwa muda wowote katika mwaka huhesabiwa mkazi wa kodi kwa mwaka huo. Asiye na nyumba ya kudumu huhesabiwa akikaa siku 183, au akiwa nchini mwaka huo na miwili iliyotangulia kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka. Ile nyumba ya Kitengela ambayo sote tulisherehekea ilipoezekwa inaweza kuwa na neno la kusema.

Nanyi wanafunzi mnaojiandaa kwenda, msichanganye mambo. Kuwa mkazi kwa ajili ya karo nafuu ya chuo cha jimbo kuna masharti yake, na kuwa mkazi kwa ajili ya kodi kuna yake. Chuo kinaweza kukukataa na mtoza kodi akakukubali. Mwanafunzi wa ng'ambo mwenye viza ya masomo kwa kawaida hahesabiwi mkazi na IRS kwa miaka mitano ya kwanza ya kalenda, lakini hilo nalo si hukumu ya jimbo. Aliyeoa au kuolewa, na mwenzi wake akabaki Nairobi, aulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hajajaza fomu ya pamoja kwa kunakili ya rafiki yake. Wenye kipato cha wastani na cha chini wana huduma ya bure ya kujaziwa fomu iitwayo VITA, inayoendeshwa na watu wa kujitolea chini ya mpango wa IRS, katika maktaba na vituo vya jamii.

Basi Mama Watoto na Baba Watoto walifanyaje? Katika mfano wetu, walikaa kwenye simu usiku mmoja, yeye akiwa ametoka zamu, mumewe akiwa karibu kuingia. Wakakubaliana kwamba mwaka huo wote wawili ni watu wa Minnesota. Wakajaza fomu moja, wakalipa kwa awamu, na shemeji aliye chuoni Nairobi akaambiwa asubiri hadi Juni.

Mwaka uliofuata hospitali ya Houston ilimpa Mama Watoto kazi ya kudumu. Hapo mambo yakageuka. Nyumba ya Brooklyn Park ikauzwa, Baba Watoto akaacha ghala, lori likapakiwa. Kwenye fomu ya yule aliyekuwa mkazi sehemu ya mwaka kuna nafasi ya kuandika tarehe ya kuhama, na hapo wakasita.

"Mama Watoto, tuandike tarehe gani? Wewe ulitangulia."

"Nilitangulia lakini nilikuwa mgeni, Baba Watoto. Andika siku mliyofika na watoto."

Ilikuwa Agosti 9. Risiti ya lori, hati ya kuuza nyumba na barua ya shule mpya ya watoto zikatiwa katika bahasha moja, juu yake pameandikwa mwaka.